Wii si ya watoto tu

Kwenye kibanda cha PS hapa Kombewa, gemu ni FIFA. Nilipoleta Wii aliyoniachia binamu yangu, vijana walicheka: "Buda, hiyo ni ya watoto na nyanya zao." Siwalaumu. Tangu 2006 Nintendo iliiuza kwa tenisi ya sebuleni, na mashine zilizouzwa zikapita milioni 100.

Kisha nikaweka Xenoblade Chronicles, kazi ya Tetsuya Takahashi iliyotoka Japani mwaka 2010. Majitu mawili yalipigana hadi yakafa yakiwa yamesimama. Sasa watu wanaishi juu ya miili yao. Mjaluo yeyote hapo atamkumbuka Lwanda Magere, shujaa aliyegeuka jiwe kule Kano.

Lakini uzito wa gemu hii uko kwenye upanga wa Shulk. Katikati ya vita unamwonyesha pigo litakalomuua mwenzake, na una sekunde chache tu za kulizuia. Baba yangu alipougua, tuliambiwa mapema. Kujua hakukutusaidia. Sijaona gemu nyingine inayoweka jambo hilo mikononi mwa mchezaji, badala ya kumsimulia tu.

Kasoro zipo. Sura za watu zina ukungu, na kazi za kutumwa huku na kule zimezidi.

Jumamosi stima ilirudi saa mbili usiku. Wale walionicheka walisimama nyuma ya kiti changu, wakihesabu sekunde pamoja nami.