Muhogo Mchungu Aliyekuwa Waziri Mkuu

Ronald Reagan alipoapishwa kuwa Rais wa Marekani Januari 1981, dunia ilistaajabu kwamba mcheza sinema ameingia Ikulu. Wengi walikumbuka filamu yake ya 1951, Bedtime for Bonzo, alimocheza profesa anayelea sokwe nyumbani kama mtoto, na wapinzani wake walicheka wapendavyo. Mtanzania hakuwa na sababu ya kustaajabu. Miaka kumi na tisa kabla ya hapo, tarehe 22 Januari 1962, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika ili akakijenge upya chama chake, na kiti akamwachia Rashidi Mfaume Kawawa, mtu ambaye watazamaji wa miaka ya hamsini walikwisha kumwona kwenye kitambaa cheupe akiwa mshamba aliyepotelewa mjini.

Filamu hiyo iliitwa Muhogo Mchungu. Ilitengenezwa 1952 na kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, kwa ushirikiano na serikali ya kikoloni, na Kawawa, mzaliwa wa Songea aliyesoma Tabora na aliyekuwa mtumishi wa serikali katika kazi za maendeleo ya jamii, ndiye aliyeshika nafasi ya mhusika mkuu. Ni kichekesho cha mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam na kukumbana na vituko vya mji. Shabaha yake haikuwa ngeni. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walikwisha kutengeneza filamu zipatazo thelathini na tano za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya na tabia njema. Mjini Unguja watu walikuwa wakilipa kiingilio kwa hiari yao kutazama picha za Kihindi na za Kimisri, wakatoka wakiimba nyimbo zake. Bara, mwanakijiji aliletewa sinema kwa gari la serikali, bure, pamoja na funzo.

Hadithi ya mwigizaji aliyekuwa waziri mkuu imezoeleka kusimuliwa kama kioja kidogo cha kupamba wasifu. Lakini kazi ya sanaa husomwa kwa kilichomo ndani yake, na wapenzi wa ushairi, waliozoea kulifumbua fumbo kabla ya kulisifu, hapana budi waanze na jina. Kwa nini mtu aitwe Muhogo Mchungu? Pwani jina hili ni dhihaka tupu: muhogo mtamu mtu huumenya akautafuna hapo hapo, ule mchungu akautema. Basi mshamba huyu ni kitu ambacho mji haukiwezi, tena hakina haja nacho.

Lichukue sasa jina hilo hilo hadi Zagayu, upande wa Bariadi, katika nchi ya Wasukuma ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu. Huko ni nchi ya pamba na ng'ombe, na mvua yake haiaminiki. Muhogo mchungu huko si tusi. Ni akiba. Nguruwe mwitu hausogelei sana, na ukiisha kuvundikwa, ukaanikwa na kuwa udaga, ndio unga utakaoivusha nyumba mwaka ambao mtama umekauka. Sumu yake ni sehemu ya thamani yake, mradi anayeushika awe anajua kuutengeneza. Mtazamaji wa nchi kama hiyo, ambaye Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha yake ya pili, angekuwa na sababu ya kuuliza: mjinga hapa ni nani, muhogo au aliyeula bila kuuloweka? Waliotunga filamu hawakulikusudia swali hilo. Walitaka wa mjini amcheke wa shamba, na wa shamba ajicheke mwenyewe, kisha abaki kwao.

Kawawa hakubaki alipowekwa. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Tanganyika Federation of Labour. (Reagan naye aliongoza chama cha waigizaji wa sinema cha nchi yake tangu 1947. Na wote wawili, walipopata dola, waliwabana wafanyakazi: serikali ya Kawawa kwa sheria ya 1962 iliyoyafunga mapito mengi ya migomo, Reagan kwa kuwafukuza waongozaji wa ndege zaidi ya elfu kumi na moja mwaka 1981.)

Mambo yanakuwa mazito zaidi tukifika 1972, Mzee Kawawa aliporejea kuwa Waziri Mkuu, hadi 1977. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi ikamilike kabla ya kwisha kwa 1976. Wasukuma walikuwa wakikaa kaya mbalimbali, kila mji na shamba lake na malisho yake. Wakahamishwa kama wenzao kwingineko, na sehemu nyingi nyumba zilibomolewa ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1976 ikaja operesheni ya kila mtu afanye kazi, iliyowaondoa Dar es Salaam wasio na ajira na kuwarudisha shamba. Yaani Muhogo Mchungu yule yule, safari hii bila kamera, anakamatwa na kupandishwa gari. Na serikali inayomrudisha inaongozwa bungeni na mtu aliyewahi kuvaa ngozi yake.

Si haki kusema kwamba Kawawa alimsahau. Pengine tatizo ni kinyume chake: aliamini kwa dhati kwamba mtu huyu yuko salama kwao, na kwamba mji utamla. Imani hiyo haikuwa yake peke yake. Fimbo ya Mnyonge, filamu ya Tanzania Film Company ya miaka hiyo ya sabini, inamfuata mkulima Yombayomba anayekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, anakosa, kisha anarudi kuishi kijamaa. Wenye fedha wamebadilika, itikadi imegeuka juu chini, na heshima ya mkulima imepanda, kwani Yombayomba si wa kuchekwa. Njia lakini ni ile ile: nenda, potea, rudi. Filamu ya mkoloni na filamu ya mjamaa zinakutana kwenye kituo kimoja cha basi.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo filamu ya 1952 ililibeba bila kulijua. Mshamba wake alizungumza Kiswahili mbele ya umati, na umati ukamsikiliza. Januari 1967 Kawawa, sasa Makamu wa Pili wa Rais, alitoa agizo kwamba shughuli zote za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Kuanzia hapo, mtu aliyetoka Zagayu na shauri lake mkononi angeweza kusimama mbele ya meza ya bwana shauri, na wa kubabaika kutafuta maneno alikuwa yule aliyekaa.