Anayeisindikiza Pakiti kwa Kalamu

Kosa la tahajia katika kitabu cha mitandao halinitishi; msomaji huliona, akaliruka. Linalotisha ni tarakimu moja iliyokaa mahali pake kwa utulivu, inayofanana na jirani zake, kumbe inapotosha.

Chukua mtandao wa 192.168.10.64/26. Una anwani 64, zinazoishia namba 64 hadi 127. Kuwasha OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuambizana njia, humo kwenye ruta ya Cisco, mwanafunzi huandika amri yenye maski ya kinyume, 0.0.0.63. Tuseme kitabu kimeandika 0.0.0.31. Hiyo inashika 64 hadi 95 tu. Ruta yenye anwani inayoishia 65 itafanya kazi bila tatizo, na itatangaza /26 yote, kwa kuwa ukubwa wa mtandao hutoka kwenye intafesi, si kwenye amri ile. Mwandishi akijaribu mfano wake kwa 65, kila kitu kinaitika. Lakini mwanafunzi aliyeipa ruta yake 126 hapati kitu: OSPF haiwaki kwenye intafesi hiyo, na ruta haitoi onyo. Atakesha akikagua nyaya, huku akijiona mzito wa kuelewa.

Ndiyo maana namheshimu mno anayevisahihisha vitabu hivi. Huweka mchoro kando ya jedwali la njia, akaigeuza kila maski kuwa biti kwa kalamu, akaisindikiza pakiti ruta hadi ruta. Njia mbili zikilingana na anwani moja, haichukui iliyoandikwa juu. Huitafuta yenye kiambishi kirefu zaidi, kama ruta ifanyavyo. Mfano uliojaribiwa kwa 65 yeye huujaribu kwa 126, kwa sababu makosa ya namna hii hujificha ukingoni. Akibaki na shaka, haendi kwenye kitabu kingine, maana vitabu hunakiliana. Huifungua RFC 2328, waraka rasmi unaoeleza OSPF, aliouandika John Moy mwaka 1998.

Hata RFC huwa na makosa, ila ikishachapishwa maandishi yake hayaguswi tena. Anayeona kosa huliripoti, na likithibitishwa huorodheshwa kando, maneno ya awali yakifuatwa na masahihisho. Naupenda sana uwazi huo. Natamani kila mchapishaji wa vitabu auige, badala ya kurekebisha kimyakimya katika toleo jipya na kumwacha mwenye toleo la zamani akihangaika na amri ileile.