Moto wa Makaa: Petro, Rosa na Sarufi ya Ushuhuda

Katika kitongoji cha Vällingby, magharibi mwa Stockholm, lipo kanisa la matofali lililosanifiwa na Peter Celsing na kuwekwa wakfu mwaka 1959, miaka mitano baada ya kitongoji chenyewe kuzinduliwa. Limepewa jina la Mtakatifu Tomaso, mtume anayekumbukwa zaidi kwa siku aliyoshindwa kuamini. Wengi huishia naye katika sura ya 20 ya Injili ya Yohana. Hata hivyo, katika sura ya 21 yumo tena, ametajwa mara tu baada ya Petro, miongoni mwa wanafunzi saba waliokesha ziwani wasipate kitu. Aliyeshuku na aliyekana wamo chombo kimoja. Sura hiyo yafaa isomwe upya na Waswahili, hasa walio ughaibuni, kwani inakwenda kinyume na utanzu uliowalea wengi wao: ushuhuda.

Ushuhuda wa Afrika Mashariki unadaiwa mengi na Uamsho ulioshika kasi Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na hadi Bukoba, alikokuja kuwa askofu Mswidi Bengt Sundkler kati ya 1961 na 1964, kabla ya Josiah Kibira. Mhimili wa utanzu huu ni wa kisarufi. Dhambi husimuliwa kwa -li-, wokovu kwa -me-: nilikuwa mlevi, nimeokoka. Kiambishi -me- hubeba tendo lililotimia ambalo hali yake ingali ipo, na ndipo ilipo nguvu ya neno hilo. Ndipo pia ulipo mtego wake. Anayeanguka baada ya kusema nimeokoka hana njeo ya kusemea anguko lake. Akirudi kwenye -li- ameubatilisha ushuhuda wake. Akikaa kimya anaigiza. Haki itendeke: ndugu wa Uamsho walifundisha toba ya kila siku na kutembea nuruni. Lakini utanzu ulipozoea mimbari na vipaza sauti, ushindi ulibaki na toba ikafifia. Katika ushirika mdogo wa ughaibuni, ambamo watu wote wanajuana, aliyeanguka huacha tu kuja.

Fasihi iliwahi kuliona hili. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi, aliyepata kusoma seminari, anampa mhusika wake jina la Bikira Maria kisha anamwacha aanguke. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na wahakiki wengi wameisoma kama shutuma dhidi ya malezi ya baba mkali. Usomaji huo ni sahihi ila haufiki mwisho. Rosa haangamizwi na makosa yake peke yake. Anapojirekebisha na kuposwa, yaliyopita yanafichuka na mchumba anamwacha. Kwa Rosa -li- haipiti kamwe. Hana mtu wa kumsikiliza asiyekuwa hakimu, naye anajiua.

Yohana 21 inasimulia vingine. Pwani pana moto wa makaa, na tafsiri ya Union inauhifadhi kama ilivyouhifadhi katika sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, Petro alipokana huku akiota moto. Moto huo unatosha kuwa kumbukumbu. Petro haombwi asimulie usiku ule. Anaulizwa, baada ya kupewa chakula, kama anapenda. Wafasiri wa Kiyunani hubishana sana juu ya vitenzi viwili vya kupenda vinavyopishana hapo. Kiswahili kina kimoja tu, na pengine ni bahati: msikilizaji hapotelei katika tofauti za maana, anasikia swali lilelile likigonga mara tatu, idadi ya kukana kwenyewe. Petro anahuzunika. Kisha anapewa kazi, kulisha, na kitenzi chake ni cha amri, kisicho na -li- wala -me-.

Mwandishi hamsafishi hapo. Aya chache baadaye Petro anageuka, anamwona mwanafunzi mwingine akifuata nyuma, na anataka kujua yatakayompata huyo. Anajibiwa kwa ukali kidogo. Miaka kadhaa baadaye, Antiokia, atajitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuwaogopa wenziwe, na Paulo atamkemea mbele ya wote. Habari hiyo imo katika waraka kwa Wagalatia, na aliyeiandika ni Paulo.