Je, Elimu ya Haki Jinai ni Sayansi?

Katika madarasa ya itikadi hujitokeza hoja kwamba elimu ya haki jinai si sayansi, bali ni ufundi tu wa kukamata, kushitaki na kufunga. Hoja hii tunaipinga, lakini si kwa maneno matupu. Tuanze na hali halisi ya Shinyanga.

Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha operesheni mikoani Mwanza na Shinyanga kukomesha mauaji, mengi yakiwa ya watu waliosingiziwa uchawi. Mamia walikamatwa, wengine wakateswa ili wakiri, na baadhi wakafa mahabusu. Januari 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, alijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo. Mauaji hayakukoma. Kipigo humpa mpigaji jibu alitakalo. Hakimwonyeshi chanzo cha kosa.

Watafiti waliofuatilia mauaji hayo Usukumani, akiwemo Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliuliza: nani huuawa, na kwa nini? Wengi walikuwa wanawake wazee. Macho mekundu, yaliyodaiwa kuwa alama ya uchawi, yalielezwa kwa moshi wa jikoni, hasa penye uhaba wa kuni ambapo watu hupikia samadi. Nyuma ya ramli palikuwa na ugonjwa, kifo, au ugomvi wa shamba na urithi. Maelezo ya namna hii yanaweza kupimwa, na yakikanushwa na ukweli huachwa. Hiyo ndiyo sayansi.

Mfano wa pili ni mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoshika kasi Kanda ya Ziwa kuanzia 2007. Katika machimbo ya Geita mchimbaji mdogo anaweza kufukua duara miezi mingi asipate dhahabu; hapo mganga humwuzia bahati. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Hukumu hutaja aliyeua. Lakini nani huagiza viungo, nani hulipa, na kwa nini imani hiyo hupata wateja machimboni? Hayo yanadai uchunguzi.

Nasi tujikosoe. Tuliposimama mikutanoni kutangaza kwamba uchawi ni ujinga tu, kisha tukaondoka, tulitanguliza jibu mbele ya uchunguzi, kama ilivyofanyika 1976. Elimu ya haki jinai huwa sayansi inapokubali kusahihishwa na hali halisi. Kada anayeitumia kuthibitisha alichokwisha kuamua hafanyi sayansi, anapiga ramli.