Lenzi ya Kuvuta na Flashi

Neno "lenzi" limekwisha kuzoeleka, wala hatuna ugomvi nalo. Lakini "lenzi ya kuvuta" yapoteza watu. Wengine huita hivyo lenzi ya milimita 200, isogezayo vitu vya mbali lakini isiyobadilika. Wengine huita hivyo ile ibadilikayo, tuseme kutoka milimita 28 hadi 80. Mpiga picha wa kujifurahisha aendaye Tongoni, kusini mwa Tanga, akitaka gofu zima la msikiti na pia nguzo ya kaburi moja, ahitaji hii ya pili. Akiuziwa ya kwanza, fedha zimepotea. Twapendekeza "lenzi ya mbali" na "lenzi geu". Ahofuye kwamba "geu" lanuka ukigeugeu na akumbuke "kigeu" cha walimu wa hisabati.

"Flashi" nayo hutaja chombo na nuru yake pamoja. Katika mapango ya Amboni tofauti hudhihirika: taa ni ile ile, lakini umbali ukiongezeka maradufu, nuru ifikayo ukutani hubaki robo. Basi chombo kiitwe "taa ya mmweko", na nuru "mmweko". Istilahi njema humwongoza mnunuzi kabla hajatoa fedha.