Dawati na Mizani Yake

Penye milima ya Matogoro, kandokando ya mji wa Songea, unakoanzia mto Ruvuma, kipo chuo cha ualimu. Anayehitimu hapo, popote atakapopangiwa, aghalabu hukuta darasani kitu kilekile: dawati la mbao na chuma, kiti na meza vimeungwa pamoja, wanafunzi wawili au watatu ubavu kwa ubavu. Ni samani iliyosanifiwa mara moja ili iundwe mara elfu. Haistahili kubezwa kwa sababu hiyo. Mpenzi wa ushairi anafahamu kwamba kipimo kimoja hakiui kazi; mizani nane kwa nane imebeba harusi na matanga, mawaidha na malumbano, na bado haijachakaa. La kuulizwa ni kipimo kilichukuliwa kwa nani.

Walioipa samani ya namna hii hadhi yake ya kisasa ni wasanifu majengo. Mjini Frankfurt, katika miaka ya 1920, Ernst May alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba ndogo, na makabati makubwa ya kale hayakuenea ndani yake. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky akasanifu jiko la mita 1.9 kwa 3.4, akihesabu hatua za mpishi na dakika zake, saa mkononi. Yalijengwa takribani 10,000. Kipimo hapo kilitoka katika mwili unaofanya kazi, ijapokuwa ni mwili wa mama aliye peke yake. Mpishi wa pwani, mwenye wifi, shoga na watoto wa jirani, asingepata hata pa kuweka mbuzi ya nazi. Le Corbusier alizidisha. Kipimo chake, Modulor, kilianza na mtu wa mita 1.75, kisha mtu huyo akarefushwa hadi 1.83, na vyote, kuanzia kiti hata ghorofa, vikatakiwa kumfuata. Hakuwa mwanamke, wala hakuwa mtoto.

May mwenyewe alihamia Tanganyika mwaka 1934, akaishi Afrika Mashariki takribani miaka 20. Aliacha majengo, likiwamo la ushirika wa wakulima wa kahawa mjini Moshi. Ila ile desturi ya kuanza na mwili wa mtumiaji, kwa dawati la shule, haionekani kupata mrithi. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipojaza madarasa ya Tanzania Bara, mikoa ilitakiwa kumaliza upungufu wa madawati, na kilichotangazwa kilikuwa idadi. Idadi ilihitajika, maana watoto walikaa sakafuni. Lakini idadi haisemi kimo.

Ajabu ni kwamba neno lenyewe linakumbuka kipimo kingine. Dawati la wazee lilikuwa kijisanduku cha mwandishi, cha wino na kalamu. Lilimfuata yeye alivyokaa. La leo humngoja mtoto akue. Wa miaka 7 huning'iniza miguu, kifua kimegota ubaoni, na mwandiko ukipinda mwalimu husahihisha mwandiko.

Seremala wa Songea, mwenye mninga wake na futi kamba, angempima mtoto huyo kwa dakika moja. Karatasi ya zabuni haimwombi.