Catullus keshajikaza: kuhusu neno iam

Kamusi ya Kilatini inalipa neno iam maana nyingi hadi unachoka: sasa, tayari, punde, tangu hapo, zaidi ya hayo. Sisi tunaoyafikia maandishi ya Warumi kwa kupitia Kiingereza huwa tunatoka na maana moja tu mkononi, "tayari", tunaibandika kila mahali. Hapo ndipo shairi zuri linapogeuka kuwa taarifa ya habari.

Kilatini kina neno jingine la "sasa", nalo ni nunc. Nunc ni sasa ya saa ya ukutani. Iam inahusu matarajio: kulikuwa na jambo linangojewa au linaogopwa, na zamu yake imefika. Ndiyo maana nondum ni "bado", na non iam ni "si tena".

Sasa, nani asiyeona kwamba Kiswahili kina kitu hichohicho, tena ndani ya kitenzi? Amekwisha kufika, amekwishafika, ameshafika, mtaani, keshafika. Hiyo -sha- haituambii tu kwamba mtu yupo. Inatuambia kulikuwa na swali hewani, na limejibiwa. Na upande wa pili tuna hajafika, ambayo nayo imebeba ndani yake kungoja.

Ulinganifu hauishii hapo. Mrumi akitaka kusema ameanza kungoja zamani na bado anangoja, anatumia iam pridem au iam diu pamoja na kitenzi cha wakati uliopo. Mwanafunzi wa Kiingereza hutoa jasho kwenye kanuni hii. Mswahili anashangaa shida iko wapi: "Nakungoja tangu asubuhi." Cicero naye, akimaliza hoja moja na kuingia nyingine, anaanza na iam, kama mzee barazani anavyosema "Haya, sasa..." Na katika tamthilia za kuchekesha za Plautus, mtumwa akiitwa hujibu kwa iam kwamba yuaja sasa hivi. Sote tunaijua hiyo sasa hivi. Ni ndugu wa "nishafika" anayoisema mtu kwenye simu huku daladala lake halijaondoka kituoni.

Usiicheke "nishafika" hiyo, kwa sababu ndiyo ufunguo wa shairi la 8 la Catullus, mshairi wa karne ya 1 kabla ya Kristo. Mwanamume ameachwa. Anajisemesha mwenyewe, anajiita mnyonge, anakumbuka siku nzuri zilizopita. Kisha anaweka nunc na iam bega kwa bega: mwanamke hataki, na hilo limeshakuwa. Anajiamuru ajikaze. Halafu anamgeukia mwanamke, anamuaga, na kutangaza kwa iam kwamba Catullus amekuwa mgumu.

Ukiandika "tayari Catullus ni mgumu", umemwamini. Ukiandika "Catullus keshajikaza", unasikia sauti ya mtu anayesema kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika. Maana mara baada ya kuaga anashindwa kuondoka. Anaanza kumuuliza huyo mwanamke maswali mfululizo: nani atakuja kwako, utampenda nani, utambusu nani? Mwisho wa shairi anajiamuru tena ajikaze. Aliyekwisha kujikaza anaamriwa nini? Iam yake ilikuwa "nishafika" ya mtu aliye njiani, na uchungu wote wa shairi umekaa kwenye silabi hiyo.

Katika shairi la 46 iam ni ya furaha. Catullus yuko Bithynia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alikokwenda na msafara wa gavana Memmius. Baridi imekatika, pepo zimetulia, na katika mistari 11 anaitaja iam mara nne: mbili za majira, mbili za mwili wake, moyo unaotetemeka kwa hamu ya safari na miguu inayopata nguvu. "Tayari" mara nne ingekuwa orodha ya mizigo. -Sha- mara nne ni mtu asiyetulia kitini.

Kuna mahali -sha- nayo inashindwa, na tukubali. Katika kitabu cha pili cha Aeneis, Virgilius anatumia iam iamque pale Pyrrhus anapomkimbiza kijana Polites. "Nusura amkamate" haifai, kwa kuwa nusura huahidi kuokoka, na Polites haokoki. Mimi ningeandika kama mtangazaji wa mpira: huyo, huyo, anamshika!

Kwa nini mwandishi wa habari ajisumbue na haya? Kwa sababu kila siku tunaandika "tayari waziri amewasili" pale mama zetu wangesema "waziri ameshawasili". Tayari ni neno letu halali, lakini chakula ndicho kilicho tayari. Tukilipa kazi zote za -sha-, tutabaki na Kiswahili kinachojua kwamba jambo limetokea, lakini kimesahau kwamba kuna mtu alikuwa analingoja. Atakayemtafsiri Catullus moja kwa moja kutoka Kilatini, na ninamwombea aje, asianzie kwenye kamusi ya Kiingereza. Aanzie kituoni, asikilize simu za watu.